Namna ya Kuanzisha na Kulinda Biashara ya Mwanamke Dar es Salaam: Kanuni Zilizoandikwa na Zisizoandikwa

Mwanamke anayetaka kufungua biashara Dar es Salaam huulizwa kwanza kama ana mtaji. Mtaji ni muhimu, lakini kabla haujafika mkononi mwake kuna mambo manne ambayo jamii imekwisha kuyaamua kwa niaba yake, mara nyingi bila yeye kuulizwa: nani ana kauli juu ya saa zake, fedha atakayoipata itahesabiwa kuwa ya nani, jina la nani litaandikwa kwenye mali, na ni mahali gani anaweza kusimama akauza bila kudhalilishwa. Maamuzi hayo hayatoki kwa mtu mmoja. Yanatoka kwenye ndoa na ukoo, kwenye mafunzo ya kungwi na nasaha za kichen pati, msikitini na kanisani, kwenye kikundi cha upatu, ofisi ya serikali ya mtaa, kamati ya soko na dirisha la mikopo la benki. Zote hizo ni taasisi, hata zile ambazo hazina jengo wala mhuri.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanamke anayeanza, au aliyekwisha kuanza na sasa anaona biashara haikui ingawa anauza kila siku. Msimamo wake ni kwamba sheria za Tanzania zimempa mwanamke haki nyingi kuliko desturi inavyokiri, na desturi hushinda pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua zinazofuata inahusu kupeleka maandishi mahali ambapo mazoea yalikuwa yakiamua peke yake; na pale ambapo maandishi hayafai, kama vile katika kugawana kazi za nyumbani, inahusu makubaliano yanayosemwa wazi na mapema, mbele ya watu wanaostahili kuyasikia.

Saa kabla ya fedha

Chukua daftari, na kwa wiki moja andika kila unachofanya tangu unapoamka hadi unapolala, pamoja na saa zake. Ukimaliza, pigia mstari shughuli ambazo huwezi kuzihamisha kwa sababu kuna mtu anayekutegemea wakati huohuo: mtoto wa kupelekwa shule, mgonjwa wa kupewa dawa, maji ya kukinga yanapotoka. Saa zinazobaki ndizo saa halisi za biashara yako, na ni chache kuliko unavyodhani.

Hesabu hii ina uzito kwa sababu biashara nyingi za jiji hili zina saa zake zisizongoja mtu. Mwanamke anayekaanga samaki wa kuuza Mbagala au Manzese anafahamu kwamba pale soko la Feri samaki huuzwa kwa mnada asubuhi na mapema, wakati uleule ambao nyumbani kwake watoto wanatakiwa kunywa chai na kuvaa sare. Akichelewa, hununua kutoka kwa yule aliyewahi mnada, tena kwa bei iliyokwisha kupanda, na tofauti hiyo ya bei ni gharama ya malezi ambayo haiandikwi kwenye hesabu yoyote. Muuza mboga anayefuata mzigo Mabibo au Ilala yuko katika hali hiyohiyo. Mwanamume anayefanya biashara ileile hailipi gharama hiyo, kwa sababu kuna mwanamke nyumbani kwake anayeilipa.

Ukishaijua gharama yako, una njia mbili. Unaweza kuchagua biashara inayolingana na saa ulizonazo, kama wanavyofanya wanawake wengi wanaoshona au kupika nyumbani, au unaweza kuzibadili saa zenyewe kwa kuwagawia wengine baadhi ya kazi. Njia ya kwanza ni ya amani lakini ina dari ya chini. Ninapendekeza ya pili ijaribiwe kwanza, hata kwa saa mbili tu za asubuhi, kwa sababu mara nyingi saa mbili hizo ndizo zinazotenganisha kununua kwa jumla na kununua kwa rejareja.

Kugawa kazi hakupaswi kuwa kumbebesha binti mdogo mzigo wa mama yake. Biashara nyingi za wanawake katika jiji hili zimesimama juu ya mgongo wa dada wa kazi aliyetoka Dodoma, Iringa au Tanga, ambaye analipwa kidogo na kwa kuchelewa, au juu ya mtoto wa kike anayekosa masomo ya jioni kwa sababu analea wadogo zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Mshahara wa dada wa kazi ni gharama ya biashara sawa na mkaa au kodi ya fremu, na uandikwe hivyo kwenye daftari. Ikiwa biashara haiwezi kumlipa kwa haki, basi biashara hiyo bado haijapata faida unayodhani inapata.

Mazungumzo ya nyumbani

Hakuna kifungu cha sheria kinachomtaka mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya mume ili afanye biashara. Katiba ya 1977 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi katika ibara ya 22 na haki ya kumiliki mali katika ibara ya 24. Hata hivyo, ruhusa ya mume ni taasisi yenye nguvu sana Pwani na kwingineko, na mwanamke anayeipuuza bila maandalizi huweza kujikuta anagombana nyumbani kila jioni huku biashara ikidhoofika. Ushauri wangu ni kuzungumza mapema, kabla ya kuchukua fedha ya mtu yeyote, na kuyafanya mazungumzo hayo yawe ya taarifa na makubaliano.

Chagua wakati ambao hapana mgeni wala ugomvi. Anza kwa kueleza biashara ni ipi, itachukua saa zipi, na nyumba itaendeshwaje katika saa hizo. Kauli kama hii hufaa: “Baba Fulani, nataka kuanza kuuza nafaka Tandale. Nitaondoka saa kumi na moja asubuhi siku tatu kwa wiki, na siku hizo naomba watoto uwatoe wewe. Fedha ya kuanzia nimeiweka mwenyewe, na hesabu nitakuonyesha kila mwisho wa mwezi.” Ina saa, siku, kazi anayoombwa mume, na chanzo cha fedha. Mazungumzo yasiyo na mambo haya huishia kwenye neno “tutaona”, nalo hutafsiriwa baadaye kuwa ruhusa au kuwa katazo kwa kadiri mambo yanavyokwenda.

Jambo gumu zaidi ni matumizi ya nyumbani. Katika nyumba nyingi, mke akianza kupata fedha, mume hupunguza pole pole anachoacha asubuhi, na baada ya miezi michache kodi ya nyumba, ada na chakula vyote vinatoka kwenye genge. Mtaji unaliwa, naye analaumiwa kwamba hajui biashara. Ukweli ni kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 63, inamtaka mume amhudumie mkewe, na kwa Waislamu wajibu huo wa mume ni wa kidini pia, hata mke awe tajiri. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kubalianeni nani analipa nini, na mwandike. Ikiwa wewe utachangia ada, andika kwamba utachangia ada, na kwamba mchango huo unatoka kwenye faida na hautagusa mtaji.

Ikiwa pingamizi linatoka kwa mama mkwe au mawifi, na mara nyingi linatoka huko, usilibebe peke yako. Mwenye kauli nzito kwao ni mume, shangazi yake au mjomba wake, na ni vema mmoja wao aelezwe kabla habari hazijafika kwa njia ya umbea. Pingamizi likivaa joho la dini, jibu lipo ndani ya dini zenyewe: Bibi Khadija binti Khuwaylid alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara Makka, na Mtume Muhammad alimfanyia kazi ya biashara kabla ya ndoa yao; kwa Wakristo, Lidia aliyempokea Paulo huko Filipi alikuwa muuza nguo za zambarau mwenye nyumba yake. Mifano hii haimalizi ubishi wote, lakini huuondoa ubishi mahali ambapo mwanamke anaonekana kuwa muasi na kuurudisha mahali pa mazungumzo. Kungwi au somo mwenye busara, anayeheshimiwa na pande zote mbili, anaweza kuyasema haya vizuri kuliko wewe, na si aibu kumwomba.

Jina lako liandikwe

Hapa ndipo wanawake wengi hupoteza jasho la miaka, na hapa ndipo sheria ilipo wazi zaidi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ndoa kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, na kifungu cha 58 kinasema kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mmoja wao. Kifungu cha 60 ndicho cha kukikariri: mali iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa juu yake, mpaka athibitishe mtu vinginevyo. Maana yake ni kwamba asiye na jina kwenye karatasi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Ukinunua friji la biashara kwa fedha yako na risiti ikaandikwa jina la mume, siku ya mgogoro ni wewe utakayetafuta mashahidi.

Kwa sababu hiyo, fuata mambo haya kwa umakini. Kitambulisho cha taifa kiwe cha kwanza, kwa kuwa bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu, jina la biashara wala kufungua akaunti kwa urahisi. Laini unayopokelea malipo iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Bado wapo wanawake wengi wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume, kaka au hata jirani, na salio lililo kwenye laini hiyo, machoni pa kampuni ya simu, ni la yule aliyeisajili. Lipa Namba nayo iwe kwa jina lako au jina la biashara yako. Mkataba wa pango la fremu utie saini wewe, na kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, ukikilipa kiandikiwe risiti hata kama mwenye kukipokea anasema hakuna desturi hiyo. Kila risiti ya mashine, kabati, meza na jiko iwekwe kwenye faili moja, na picha zake zibaki kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini.

Ardhi inahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinatamka katika kifungu cha 3 kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi kwa kiwango na masharti sawa na mwanamume. Mapema zaidi, mwaka 1990, Mahakama Kuu huko Mwanza katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Pamoja na hayo, viwanja vingi vya Chanika, Kivule, Goba na Kigamboni hununuliwa kwa hati ya mauziano inayoandikwa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, na mwandishi wa hati huandika jina la mwanamume aliye mbele yake bila kuuliza fedha imetoka wapi. Uwepo siku hiyo. Omba hati isomwe kwa sauti kabla ya saini, na hakikisha jina lako limo kama mnunuzi. Wengi huandikwa kama shahidi wakadhani inatosha, na haitoshi hata kidogo.

Nyumba ya familia ina ulinzi wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinazuia mwanandoa mmoja kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza ionekane kabla ya rehani ya nyumba hiyo kuwa halali. Usitie saini fomu ya ridhaa kwa sababu umeambiwa ni utaratibu tu. Soma kiasi cha mkopo, riba, na jina la anayekopa. Kinga hiyohiyo inamlinda mume wako, kwa hiyo nawe ukitaka kuitumia nyumba kama dhamana ya biashara, mshirikishe.

Ikiwa ndoa itavunjika, mahakama hugawa mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja kwa kuangalia, chini ya kifungu cha 114, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Ni hukumu yenye thamani kubwa kwa mama wa nyumbani. Lakini mfanyabiashara asiitegemee peke yake, maana daftari la mauzo na risiti vitamsemea vizuri zaidi kuliko ushahidi wa majirani. Wanaoishi pamoja bila cheti wajue kwamba kifungu cha 160 kinaipa dhana ya ndoa hali ya mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambulika na jamii kama mume na mke. Dhana hiyo hata hivyo inaweza kupingwa, na kupingwa hutokea mara nyingi penye mali.

Kuhusu mirathi, Tanzania ina mifumo mitatu inayoishi pamoja: ya kimila, ya Kiislamu na ya kiserikali. Chini ya mila zilizoandikwa mwaka 1963, mjane hahesabiwi kuwa mrithi wa mumewe. Chini ya sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane. Biashara iliyo kwa jina la marehemu huingia kwenye mirathi yake hata kama mjane ndiye aliyekuwa akiamka kuifungua kwa miaka 20. Iliyo kwa jina lako haiingii. Andika nawe wosia wako, na ujue kwamba RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia.

Kuchagua biashara kwa hesabu badala ya mazoea

Tembea mtaa wowote wa Tandika au Kimara ukahesabu wanawake wanaouza chakula, wanaosuka nywele na wanaoshona, kisha uhesabu wanaouza saruji, nondo, spea za pikipiki na vifaa vya umeme. Utaona kwamba desturi imewasukuma wanawake kwenye kazi zinazofanana na zile za nyumbani, na kwa kuwa wengi wamesongamana humo, bei imeshuka na faida imekuwa nyembamba. Sisemi mama lishe aache jiko lake. Wapo waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa sufuria. Ninachosema ni kwamba kabla hujaongeza sufuria nyingine, simama kwenye njia unayotaka kuuza kwa siku nzima, uhesabu wauzaji wa bidhaa hiyo na wateja wanaopita. Ukikuta wauzaji kumi na wateja walewale, fikiria kuingia kwenye biashara ya vifaa vya ujenzi, hata kwa kuanza na bidhaa ndogo kama misumari, rangi na bomba. Utaulizwa fundi wako ni nani, na wateja wa kwanza watadhani unamshikia duka mwanamume. Jibu kwa kujua bidhaa yako; tumia wiki chache ukijifunza majina, vipimo na bei kwa muuzaji wa jumla wa Gerezani au Kariakoo.

Mtaji, vikundi na mikopo

Upatu ndio benki ya zamani ya wanawake wa Dar es Salaam, na nguvu yake ni kwamba hauhitaji hati ya nyumba. Unahitaji jina jema na kijumbe mwaminifu, yaani mwenye kukusanya fedha na kupanga zamu. Ukiwa na mpango wa biashara, zungumza na kijumbe mapema upangiwe zamu inayolingana na msimu wako, kwa mfano kabla ya Ramadhani kwa anayeuza vitambaa au tende, au kabla ya Januari kwa anayeshona sare za shule. Zamu ya mwisho ni akiba. Zamu ya kwanza ni mkopo usio na riba. Mwanamke anayepokea zamu yoyote inayomfikia, bila mpango, hujikuta fedha imeishia kwenye jambo la dharura.

VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vina faida zaidi kwa kuwa vina hisa, mfuko wa jamii na katiba. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya aina hii vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Wengi huuona usajili kama usumbufu. Mimi nauona kama kinga, kwa sababu kikundi kisichosajiliwa kikitapeliwa na mweka hazina wake hakina pa kusimama kirahisi. Katika katiba yenu andikeni jambo moja ambalo vikundi vingi husahau: mwanachama akifariki, hisa zake atakabidhiwa nani.

Halmashauri za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na ile ya Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa ya Ilala hadi 2021), kama nyingine zote nchini, zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mlango wa kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kikundi cha wanawake kinatakiwa kuwa na watu wasiopungua watano, kiwe na katiba, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana. Msiunde kikundi kwa ajili ya mkopo tu. Watu watano wasiowahi kukusanya hata akiba ya wiki pamoja hawataweza kurejesha mamilioni pamoja, na deni la mmoja huwa la wote. Anzeni na upatu wa miezi sita baina yenu, mjuane kwenye fedha, ndipo mwende kata.

Jihadharini sana na mikopo inayoitwa kausha damu. Inapatikana kwa haraka, haina masharti mengi, na marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki. Wanaolengwa zaidi ni wanawake wenye biashara ndogo, kwa sababu ndio wasio na hati za dhamana, na ndio wanaoona aibu zaidi kudaiwa hadharani. Dhamana huwa ni kitanda, friji, televisheni na jiko, na vinapochukuliwa, mwanamke hupoteza vyombo na mara nyingine ndoa. Mkopeshaji halali ana leseni na huionyesha; dai uione. Uliza jumla ya marejesho kwa shilingi, usikubali kutajiwa asilimia pekee, na dai nakala ya mkataba kwa Kiswahili. Ukinyimwa nakala, ondoka. Usikope kwa kificho ukitegemea kurejesha kabla mume hajajua. Ndicho chanzo cha mikopo ya pili na ya tatu ya kufunika ile ya kwanza.

Michango na shughuli

Kichen pati, harusi, arobaini, maulidi na misiba vinamgharimu mwanamke wa Dar es Salaam fedha nyingi kuliko kodi ya serikali. Kuna washauri wanaomwambia ajitoe kwenye shughuli zote. Nadhani hawaujui mji huu. Kwenye shughuli ndiko anakopata wateja, ndiko jina lake linakokua, na siku ya msiba wake ndiko watakakotoka watu wa kumsitiri. Kinachohitajika ni mpaka. Jilipe mshahara wa mwezi kutoka kwenye biashara, hata ukiwa mdogo, na michango yote itoke kwenye mshahara huo. Sare ya shughuli ikizidi uwezo wako, mwambie mwenye shughuli mapema kwamba utachangia kwa kazi, yaani kupika, kupamba au kushona, na ujitokeze kwa wakati.

Ofisini

Sehemu hii ni nyepesi kuliko wengi wanavyoiogopa. Barua ya utambulisho hutolewa na ofisi ya serikali ya mtaa, jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa TRA bila malipo, na leseni ya biashara hutolewa na halmashauri. Anayefungasha vyakula atahitaji kibali cha TBS, shirika la viwango. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato katika utaratibu wa kodi ya makadirio, ingawa anatakiwa kuwa na kumbukumbu. Nenda mwenyewe. Ukimtuma mwanamume akusajilie, kagua jina lililoandikwa kabla hujamshukuru.

Sokoni

Lugha ya matusi, kushikwa mwili, na kunyimwa kizimba kwa sababu ya jinsia vimeonekana kwa muda mrefu kama sehemu ya soko. Shirika la Equality for Growth, likifanya kazi na wauzaji wanawake katika masoko ya jiji, liliendesha kampeni ya “Mpe Riziki Si Matusi” na kuwafunza wasaidizi wa kisheria miongoni mwa wauzaji wenyewe. Mafunzo ya kazi hiyo ni kwamba soko linabadilika pale kanuni yake inapoandikwa na kubandikwa ukutani, ikitaja kosa, faini na wa kumshitakia. Ikiwa soko lako halina kanuni hiyo, kusanyeni saini za wauzaji, wanaume waliokubali wakiwemo, mpeleke ombi kwa mkuu wa soko na nakala kwa afisa biashara wa halmashauri.

Afisa au kiongozi akitaka mwili wako ili akupe meza, leseni au mkopo, hilo ni kosa la rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usijibu kwa hasira wala kwa kukubali. Hifadhi ujumbe, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha piga TAKUKURU namba 113. Kwa kipigo au kushikwa kwa nguvu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mashirika ya TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasio na uwezo wa kumlipa wakili, kwa mambo ya ndoa, ardhi na mirathi pia.

Kisha gombea nafasi kwenye kamati ya soko. Kamati ndiyo inayopendekeza nani apewe kizimba cha mbele na nani awekwe karibu na jalala, taa ziwekwe wapi, na vyoo vifungwe saa ngapi, na maamuzi hayo hubadilika wanapokuwepo watu wanaofunga biashara wakiwa wamebeba watoto. Mwanamke mmoja kwenye kamati hunyamazishwa kwa urahisi, kwa hiyo panga na wenzako mchukue fomu angalau watatu. Mkifika mahali pa kuuza kwa wingi, fahamuni kwamba sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na zabuni hizo hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Mama lishe watano wenye kikundi kilichosajiliwa, TIN, leseni na vyeti vya kupima afya wanaweza kuomba kulisha semina ya wizara, na karatasi watakazotakiwa kuziwasilisha ni zilezile ambazo tayari zina majina yao.